Breki Zilipikwa Kuanzia Juu: Semi ya Tani 50 Inashuka Kitonga

Semi imesimama chini ya mteremko, mlima Kitonga wa Iringa ukiwa nyuma yake na Ruaha Mbuyuni mbele. Moshi unatoka kwenye ekseli mbili za tela, na harufu ya lainingi (vitambaa vya breki) iliyoungua inasikika kabla hujalifikia gari. Dereva anaeleza kwamba kila kona ilimbidi akanyage zaidi ili apate breki ileile, na kwamba kona ya mwisho alikanyaga mpaka mwisho gari likapunguza mwendo shingo upande. Hakuna aliyeumia. Lingepinduka, taarifa ingeandikwa maneno mawili yaliyozoeleka, "breki zilifeli," na faili likafungwa.

Hapa tunaifungua hadithi hiyo kwa namba. Gari la kuhesabia ni la kawaida kabisa kwenye barabara ya TANZAM, ya Tanzania na Zambia: kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, limetoka Zambia na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kwa viwango vya mizani vya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele hubeba tani 8, mbili za kuvuta tani 18 na tatu za tela tani 24, jumla tani 50. Injini ni dizeli ya lita 10 hivi yenye breki ya ekzosi, ile inayoziba bomba la moshi ili injini ilizuie gari. Gia ni 10 za mkono, difu ina uwiano wa 4.42, tairi ni 315/80R22.5. Mteremko tunauchukua kuwa kilomita 6 zenye wastani wa asilimia 6, maana yake gari linashuka mita 360 kwenda chini. Dereva aliingia kileleni kwa gia ya 9 na akashuka kwa kilomita 40 kwa saa, mguu ukiwa juu ya breki karibu muda wote. Kilomita 40 si mwendo wa fujo, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa.

Mlima unasukuma kiasi gani

Tani 50 kwenye mteremko wa asilimia 6 zinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu nyutoni 29,400. Tairi zinavyobingirika zinakula kama 3,000, na upepo kwa mwendo huo haufiki 600. Kinachobaki, karibu nyutoni 26,000, lazima kitu kikizuie, la sivyo gari linaongeza mwendo. Kwa kilomita 40 kwa saa, kazi hiyo ni kilowati 288. Kwa kilomita 25 inashuka kuwa 183, na kwa kilomita 20 ni 146 tu. Mlima ni uleule na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni kasi ya kuupokea.

Sasa tazama injini ilikuwa inafanya nini. Kwa gia ya 9, yenye uwiano wa 1.34, gari likienda kilomita 40 injini inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo tunaihesabia breki ya injini kilowati 55. Zilizobaki 233 zilikwenda kwenye dramu, yale mapipa ya chuma ya magurudumu yanayosuguliwa na lainingi. Dereva atakuapia kwamba alikuwa anashuka na gia, na ni kweli, gia ilikuwepo. Lakini ilikuwa inachukua chini ya moja ya tano ya mzigo.

Kwa dakika 9 za kushuka, dramu zilipokea megajuli 126 za joto. Gari hili lina dramu 12 za wastani wa kilo 45 kila moja, jumla kilo 540 za chuma cha kalibu. Chuma hicho kinahitaji karibu megajuli 0.27 ili joto lake lote lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Gawanya: nyuzi 466. Toa kiasi kinachochukuliwa na upepo njiani, bado unabaki na zaidi ya nyuzi 350 juu ya joto ambalo dramu zilikuja nalo. Lainingi nyingi za malori huanza kupoteza mshiko zikipita nyuzi 250 hadi 300. Kwa hiyo breki zilianza kufa kilomita kadhaa kabla dereva hajaona lolote, na yeye akajibu kwa kukanyaga zaidi.

Hapo tumegawa joto sawa kwa dramu zote 12. Barabarani haliko hivyo.

Gurudumu la baridi ndilo lenye ugonjwa

Ukifika kwenye gari kama hili, macho yanavutwa na magurudumu yanayotoa moshi. Tafuta kwanza yale ambayo hayatoi. Pitisha kipima joto cha mwanga kwenye kila dramu. Kama huna, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Katika kisa chetu, dramu mbili za mbele ni za uvuguvugu tu, na moja ya tela, upande wa kulia nyuma kabisa, ni ya baridi. Magurudumu matatu kati ya 12 yalishuka mlima yakiangalia wenzao wanaungua.

Ya mbele yalizibwa upepo kwa makusudi. Kuna mafundi na madereva wanaoamini kwamba breki ya mbele inavuta usukani na kulitoa gari barabarani, basi wanaifunga na kusahau. Usukani unaovuta kona moja maana yake breki ya upande mmoja inashika kuliko mwenzake, na dawa yake ni kuirekebisha. Lile la tela lina tatizo jingine: slaki ajasta, mkono ule unaosukumwa na fimbo ya chemba ya upepo wa breki, umelegea. Fimbo inatoka milimita 60. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, ikitoka zaidi ya milimita 51 tayari inahitaji kubanwa, kwa sababu safari yake yote ni kama milimita 64 na karibu na mwisho haina nguvu tena.

Magurudumu 9 yakibeba kazi ya 12, megajuli zilezile 126 zinaingia kwenye kilo 405 za chuma. Hesabu inapanda kutoka nyuzi 466 hadi 622. Na hapo joto linajiongezea ubaya: dramu ikipata moto inapanuka, inakimbia lainingi, na fimbo ya chemba inalazimika kutoka milimita 10 au zaidi kuzidi ilivyokuwa. Slaki iliyokuwa sawasawa pale yadi, milimita 45, inajikuta imevuka kikomo katikati ya mlima. Ndiyo sababu gari linaweza kupita ukaguzi asubuhi na kukosa breki mchana.

Halafu mkono wa tela. Kwa nini moshi ulikuwa kwenye tela zaidi kuliko kwenye kichwa? Kwa sababu dereva alikuwa akivuta mkono wa breki ya tela ili "kutunza" breki za kichwa. Mkono huo una kazi zake, kama kujaribu kama tela limeungwa vizuri, lakini kushuka nao mlima ni kuzipa dramu tano au sita kazi ya gari zima.

Ile gia ilitakiwa kuwa ipi

Turudi kileleni na tubadilishe kitu kimoja tu. Gia ya 6 ina uwiano wa 3.27. Kwa kilomita 25 kwa saa, injini inazunguka kama 1,840, na breki ya ekzosi kwa mizunguko hiyo tunaihesabia kilowati 115 kati ya 183 zinazohitajika. Dramu zinabaki na 68. Safari inachukua dakika 14 na nusu hivi, na dramu, zikiwa zote 12 zinafanya kazi, zinapanda nyuzi 218 kabla ya kutoa kinachoondoka na upepo. Kwa sababu mwendo ni mdogo na muda ni mrefu, upepo unapata nafasi ya kuzipoza. Unafika chini na breki ambazo bado ni breki.

Ukishuka kwa gia ya 5, uwiano 4.38, kwa kilomita 20, injini inazunguka 1,970 na kukamata kama kilowati 130 kati ya 146. Breki za miguu zinabaki na kazi ndogo kabisa. Muda: dakika 18. Dereva wetu alitumia 9. Dakika tisa hizo ndizo alizookoa, na sasa amekaa juu ya jiwe anasubiri dramu zipoe.

Wazee wa barabara wana kanuni: shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo. Kwa injini za zamani ilitosha. Injini za leo zina nguvu kubwa ya kupanda, zinaukwea mlima kwa gia ya juu, na gia hiyo ukishukia inakuacha mikono mitupu. Tunapendelea geji ya mizunguko: kwa mwendo uliokusudia, gia iwe ile inayoiweka injini kati ya 1,800 na 2,200, au popote mtengenezaji alipochora eneo la breki ya injini. Chini ya 1,500 unajidanganya.

Kwa nini mizunguko? Dizeli haina kizuizi cha hewa kama injini ya petroli. Ukiachia mafuta, pistoni inabana hewa, lakini hewa iliyobanwa inaisukuma pistoni irudi chini kama springi, na karibu kila ulichotoa unarudishiwa. Breki ya ekzosi inaziba bomba la moshi ili pistoni zisukume dhidi ya hewa iliyofungiwa. Aina ya pili, yenye nguvu zaidi, inafungua valvu ya kutolea moshi pistoni ikiwa imefika juu, hewa iliyobanwa ikatoka na springi ikapotea. Wazo hilo ni la Clessie Cummins, Mmarekani mtengenezaji wa injini za dizeli, ambaye mwaka 1931 aliteremka Cajon Pass huko California na lori lililoishiwa breki, akanusurika chupuchupu kugongana na treni kwenye makutano ya reli chini ya mlima. Kifaa chenyewe kiliingia sokoni mwaka 1961. Kwa aina zote mbili, kila mzunguko wa injini unaongeza kazi ya breki. Mizunguko ikiwa michache, breki ni chache.

Retada ni kitu kingine. Inakaa upande wa giaboksi, inatumia mafuta kuzuia shafti, na joto lake lote linaishia kwenye rejeta. Ukishuka nayo huku injini inazunguka 1,100, pampu ya maji inasuasua, geji ya joto inapanda, na mfumo unaipunguza retada wenyewe bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo hata mwenye retada anahitaji gia ya chini.

Kukosa gia katikati ya mlima

Swali linalofuata ni kwa nini dereva, alipoona gari linazidi, hakurudisha gia. Huenda alijua hawezi. Tani 50 zikiwa huru kwenye asilimia 6 zinaongeza karibu kilomita 2 kwa saa kila sekunde. Ukitoa gia kwa kilomita 40, ukahangaika sekunde 3 kutafuta ya chini, tayari uko karibu na 46. Kwa mwendo huo gia ya 7 inadai mizunguko zaidi ya 2,500, gia ya 6 inadai karibu 3,400. Haziingii. Sekunde 10 zikipita uko karibu na 60, na sasa una gari kwenye fri, yaani bila gia yoyote, ambalo breki zake zimeshaungua. Hata ukifanikiwa kuilazimisha gia, injini inazungushwa kupita kiwango chake, valvu zinagongana na pistoni au klachi inapasuka, na breki ya injini inaondoka palepale ulipoihitaji.

Kwa hiyo gia inachaguliwa kabla ya kilele, gari likiwa bado tambarare au linapanda. Ukigundua umekosea ukiwa kilomita ya kwanza, huku breki bado zinashika, kuna njia moja ya heshima: simamisha gari kabisa, weka gia ya chini gari likiwa limetulia, kisha anza upya. Utapigiwa honi na walio nyuma. Waache wapige.

Fri yenyewe ina watetezi wake wa kudumu. Kenya, kipande cha Salgaa na Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kimebeba sifa hiyo mbaya miaka mingi. Hoja ni mafuta. Lakini injini ya kisasa ikiwa kwenye gia huku hujakanyaga mafuta, noseli zinafungwa; magurudumu ndiyo yanaizungusha na haitumii hata tone. Ukiweka fri, inabidi injini ijiendeshe yenyewe kwa mizunguko ya chini kama gari limesimama, na lori hutumia lita 2 hadi 3 kwa saa kwa hali hiyo. Anayeshuka na fri anachoma mafuta ambayo mwenye gia hachomi. Anayezima injini kabisa amezima pia kompresa ya upepo na pampu ya usukani.

Kushuka kwenyewe

Juu, simama pembeni mahali salama. Weka magogo kwenye tairi, jaza upepo mpaka kompresa ikate, kwa kawaida ba 8 au zaidi, kisha achia hendibreki. Utingo aweke alama ya chaki kwenye kila fimbo ya chemba pale inapoingia; dereva akanyage kwa nguvu huku geji ikisoma kama ba 6; utingo apime alama imesogea kiasi gani. Kazi ya dakika kumi kwa magurudumu yote. Inayozidi kikomo inabanwa hapohapo. Kama ni slaki ya kujibana yenyewe na bado imelegea, usiishie kuibana kwa spana, kwa sababu imeshaharibika na italegea tena kabla ya Mikumi.

Ingia mteremkoni kwa gia ya 5 au 6, breki ya ekzosi imewashwa, mguu mbali na klachi. Jiwekee mwendo wa mwisho, tuseme 25. Gari likifika hapo, kanyaga kwa uthabiti mpaka lishuke 17 au 16, kitu cha sekunde 3, kisha achia kabisa. Subiri lipande tena. Kugusagusa breki kwa wepesi bila kuachia kunazipa joto zile zilizobanwa vizuri peke yake, maana upepo mdogo haufiki kuzisukuma zile zilizolegea. Ndiyo dramu mbili tatu zinaungua huku nyingine zimelala. Kukanyaga kwa nguvu na kuachia kunazishirikisha zote na kuzipa nafasi ya kupumua. Kupigapiga haraka haraka nako ni kosa la pili, kunamaliza upepo kwenye matenki, na kengele ikilia umebakiwa na kidogo kabla springi za hendibreki hazijaanza kujifunga zenyewe.

Hesabu nafasi kati ya breki na breki. Ikiwa mwanzoni ulikuwa unakanyaga mara moja kila sekunde 20, na sasa ni kila 10, kitu kimebadilika: ama mteremko umekuwa mkali, ama breki zinaondoka. Yote mawili yana jibu moja, simama ungali unaweza kusimama.

Mvua ikinyesha, kumbuka breki ya injini inashika ekseli za kuvuta peke yake. Tela tupu au lami yenye utelezi, ukiwasha ekzosi kwa nguvu zote kwenye kona, magurudumu ya kuvuta yanateleza na tela linakisukuma kichwa pembeni. Punguza daraja la breki ya injini, na punguza mwendo zaidi kabla ya kona.

Kwa malori yenye giaboksi inayojibadilisha, toa kwenye otomatiki, chagua gia kwa mkono. Baadhi yana hila ya kuokoa mafuta ambayo huweka fri yenyewe kwenye miteremko midogo. Kuwasha breki ya injini kunaikatiza. Wenye Noah na IST wasidhani hawahusiki: bonyeza O/D, kitufe kinachofunga gia ya juu kabisa, mpaka taa ya O/D OFF iwake, na mteremko ukiwa mkali shusha kwenye 2 au L. D pekee kwenye mteremko kama huu ni kubaki na breki peke yake.

Baada ya moshi

Rudi kwa gari letu chini ya mlima. Usivute hendibreki dramu zikiwa za moto, weka magogo. Dramu inayopoa huku imebanwa inapinda au kupasuka. Usimwage maji kwa sababu hiyohiyo, isipokuwa moto umeshawaka kweli kwenye tairi, na hapo kazi ya maji ni kuokoa gari. Watu wasisimame ubavuni mwa magurudumu, tairi iliyopikwa na rimu inaweza kupasuka dakika nyingi baada ya gari kusimama. Sogea ukitokea mbele au nyuma. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni bora.

Zikishapoa, dramu zilizotoa moshi zifunguliwe. Madoa ya bluu na nyufa nyembamba ni alama kwamba chuma kilipita kiwango. Ufa unaofika ukingoni, dramu hiyo haina kazi tena. Lainingi iliyong'aa kama kioo haisuguliwi kwa msasa ikarudishwa, inabadilishwa, na inabadilishwa pande zote mbili za ekseli. Angalia grisi ya habu, maana joto lile limeiyeyusha na beringi zitafuata. Halafu fungua upepo wa breki za mbele zilizozibwa, badilisha slaki ya ekseli ya mwisho ya tela, upime fimbo zote 12 upya. Gari likishuka mlima wake wa kwanza baada ya hapo, kwa gia ya 5 au 6, simama chini na upitishe tena kile kipima joto kwenye kila dramu. Itakayokuwa ya baridi, fundi anaanzia hapo.